Uganda, meli isiyokuwa ya Uganda

Mwaka jana nilikwenda Msuka kumtembelea babu. Nilipokwisha kumwamkia na kukaa barazani, akaniuliza nasoma nini safari hii, maana kwake yeye shahada ya kwanza ilikuwa inatosha kabisa. Nikamwambia nasoma historia ya meli za abiria zilizokuwa zikija pwani yetu zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Meli, au vyombo?"

Nilidhani ananitania. Kumbe aliuliza swali la maana kuliko nililokuwa nimeandika mimi kwenye pendekezo langu la utafiti. Chombo, alinieleza, ni kitu chochote kinachoelea na kubeba: jahazi, mashua, dau, ngalawa, na hiyo meli pia. Lakini meli ni ile inayokuja siku yake. Upepo upo, haupo, kusi linavuma au kaskazi, yenyewe ilisema Jumanne na Jumanne unaiona.

Na ukifungua kamusi unaona mzee hakukosea. Neno meli tulilichukua kwa Waingereza, kutoka mail, yaani posta. Babu zetu hawakukiita chombo hicho kwa ukubwa wake, wala kwa moshi wake, wala kwa chuma chake. Walikiita kwa kazi iliyokileta: kubeba barua kwa ratiba. Shika jambo hilo, msomaji, kwa sababu nataka kukusimulia habari za meli moja iliyofanya kazi hiyo kwenye pwani yetu kwa miaka 15, kisha ikaendelea kuelea kwa miaka 19 mingine ikifanya kazi tofauti kabisa. Iliitwa Uganda.

Kwanza, ratiba ilitoka wapi. Kabla ya mvuke, safari za Bahari ya Hindi ziliendeshwa na pepo za msimu. Kaskazi, linaloanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, lililetea pwani yetu majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi liliyarudisha. Ukichelewa unangoja miezi. Hii haikuwa ujinga wa mabaharia. Ni fizikia tu. Bara la Asia hupata joto na baridi haraka kuliko bahari, shinikizo la hewa hubadilika, na upepo hugeuka nalo. Chombo cha tanga hakina namna ila kumsubiri bwana huyo.

Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation, iliyoanzishwa na Mskoti William Mackinnon, ilianza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden kwa malipo ya serikali ya Uingereza. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultan Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba ilisalimika. Ndiyo sababu moja kubwa iliyotufanya sisi Wapemba tuwe watu wa karafuu. Sijui kama kuna mwaka mwingine uliobadilisha visiwa hivi kwa pande mbili namna ile: karafuu kuhamia Pemba, na ratiba kuingia bandarini Unguja. Mackinnon huyohuyo baadaye akawa mwenyekiti wa kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na ambayo ilitangulia ukoloni wenyewe Kenya na Uganda. Kwa hiyo usidhani meli zilikuja kuhudumia makoloni. Kwetu, meli zilitangulia.

Sasa tuvuke miaka 80. Vita Vikuu vya Pili vimekwisha, na British India, ambayo tangu 1914 ilikuwa chini ya P&O, imepoteza meli nyingi vitani. Inaagiza meli mbili mpya kwa ajili ya njia ya London hadi Afrika Mashariki, kwa kiwanda cha Barclay Curle, Glasgow. Ya kwanza, Kenya, ilianza kazi 1951. Ya pili, Uganda, ilishushwa majini Januari 1952 na ikaanza safari yake ya kwanza Agosti mwaka huo.

Jina lilimchekesha sana babu. Uganda haina bahari. Bandari iliyoandikwa nyuma ya meli ilikuwa London, maofisa wake Waingereza, watumishi wa mezani wengi wao Wagoa, na mabaharia wengine Wahindi. Babu anasema vijana wa bandarini waliamini kwa muda mrefu kwamba ni mali ya Kabaka. Lakini ukiwaza biashara, jina lina mantiki yake: pamba na kahawa ya Uganda ilishuka kwa reli hadi Mombasa, na Mombasa ndipo meli ilipoikuta shehena ya bara. Ndani ya chumba cha kuvutia sigara kulitundikwa jozi ya pembe kubwa za ndovu, ili abiria asisahau anaelekea wapi.

Ilikuwa na urefu wa karibu mita 165, yaani uwanja wa mpira mmoja na nusu. Mwendo wake ulikuwa noti 16, kama kilomita 30 kwa saa. Mafuta yalichomwa kuchemsha maji, mvuke ukasukuma tabo, na tabo zikazungusha parafujo mbili kupitia gia. Ilibeba abiria wapatao 300 kwa daraja mbili, la kwanza na la kitalii. Tani zake zilikuwa 14,430. Hapa ngoja nikutoe wasiwasi, maana jambo hili linawachanganya wengi: tani hizo si uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli, na tani moja ni futi za ujazo 100. Itakufaa kukumbuka hilo tukifika Hamburg.

Abiria 300 kwa meli ya mita 165 ni wachache mno. Meli ya utalii ya urefu huo leo ingewabana watu mara tatu au nne ya hao. Sehemu kubwa ya tumbo la Uganda haikuwa ya watu. Ilikuwa ya shehena, na juu ya sitaha zilisimama winchi za kuishushia na kuipakia. Kwenda kusini, meli za njia hii zilileta mashine, magari, saruji, nguo, vinywaji. Kurudi kaskazini zilichukua katani, kahawa, pamba, chai. Tanganyika wakati ule ilikuwa mzalishaji mkuu wa katani duniani, na Tanga ilikuwa kituo cha lazima. Karafuu zetu za Pemba zilivushwa kwanza hadi Unguja kwa vyombo vidogo, zikiwemo meli za serikali za Al Said na Al Hathera, kabla ya kupata meli ya nje.

Njia yenyewe ilikuwa hivi: London, Gibraltar, Port Said, Mfereji wa Suez, Port Sudan, Aden, halafu Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Beira. Tazama ramani utaona meli inayotoka Mombasa kwenda kusini inapita mkondo wa Pemba, katikati ya kisiwa na bara. Msuka iko kaskazini kabisa ya kisiwa, na ukiendelea mbele kidogo unafika Ras Kigomasha, penye mnara wa taa wa chuma. Watoto wa Msuka huuona mnara ule kama mapambo. Haukujengwa kwa ajili ya wavuvi wa Msuka, ambao wanaijua miamba yao kwa majina. Ulijengwa kwa ajili ya meli.

Babu alizifahamu meli hizi kwa namna mbili. Kwanza kwa mbali, akiwa kijana kwenye jahazi, usiku, anapoona taa nyingi zikipita kwa mstari ulionyooka wakati wao wamelegea tanga wakisubiri upepo. Halafu kwa karibu sana, alipokwenda Unguja kutafuta kazi akapata kibarua kwenye matishali.

Nadhani wasomaji wengi wa umri wangu hawajawahi kuona tishali, kwa hiyo nieleze. Meli ya kina kirefu haikusogea gatini Unguja. Ilitia nanga nje, na shehena ikateremshwa kwenye vyombo vipana, vya kina kifupi, visivyo na injini, vilivyovutwa na tagi hadi nchi kavu. Hayo ndiyo matishali. Dar es Salaam nayo ilifanya hivyohivyo mpaka magati ya kina kirefu yalipofunguliwa mwaka 1956. Mzigo ulitoka tumboni mwa meli ndani ya wavu wa kamba, ukining'inia kwenye winchi, na watu wa tishali walisimama chini yake kuupokea. "Unaangalia juu muda wote," babu alisema, "shingo inauma kabla ya mgongo." Meli kubwa ilikuwa ukuta mweupe wenye madirisha ya duara, na ukuta huo unapanda na kushuka kwa mawimbi huku tishali lako likipanda na kushuka kwa wakati wake lenyewe. Hapo ndipo watu walipovunjika miguu.

Aliwahi kupanda ndani? Nilimuuliza. Alicheka. Alipanda ngazi ya kamba mara kadhaa, akafika kwenye chumba cha shehena, akashuka. Daraja la kwanza hakuliona. Waafrika waliosafiri kwa meli za Uingereza enzi hizo walikuwepo, hasa wanafunzi waliokwenda kusoma, lakini idadi kubwa ya abiria walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni wanaokwenda na kurudi likizo pamoja na familia zao, walowezi, wamisionari, wafanyabiashara. Watu wa kawaida wa pwani, Wahindi kwa Waswahili, waliijua zaidi njia nyingine ya kampuni hiyohiyo, ile ya Bombay, iliyohudumiwa na Karanja na Kampala, ambako ulikuwepo usafiri wa sitaha kwa nauli nafuu.

Basi, hii ndiyo meli ya Uganda katika ujana wake. Nzuri, imara, inakuja siku yake. Lakini nataka uone kitu cha ajabu kuhusu mwaka iliozaliwa.

Februari 1952, binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa Kenya. Meli ya Gothic ilikuwa Mombasa ikimngojea ili imchukue kuendelea na ziara yake. Baba yake akafa ghafla. Elizabeth, sasa malkia, hakushuka Mombasa. Alipelekwa Entebbe akapanda ndege kurudi London, na meli ikabaki bandarini bila mgeni wake. Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, shirika la ndege la BOAC lilianzisha safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti yenye abiria wa kulipa. Ilikuwa Comet, kutoka London kwenda Johannesburg. Na ilitua wapi njiani? Entebbe, Uganda. Meli ya Uganda ilikuwa bado haijamaliza kupakwa rangi.

Yaani meli ilianza safari zake ikiwa tayari imekwisha kupitwa na wakati, na huenda hakuna aliyejua. Comet zile za kwanza zilipata ajali mbaya, zikasimamishwa mwaka 1954, na meli zikapata nafasi ya kupumua. Lakini ukweli ulikuwa palepale. London hadi Mombasa kwa Uganda ilikuwa karibu wiki tatu. Kwa ndege, hata zile za mapanga, ilikuwa jambo la siku mbili au chini ya hapo. Barua za haraka zilikuwa zimekwisha kuhamia angani. Meli ilikuwa imeanza kupoteza lile neno lililoipa jina kwa Kiswahili.

Kwa nini basi iliendelea mpaka 1967? Jibu fupi: likizo za wakoloni. Mfanyakazi wa serikali aliyepewa safari ya bahari kwa gharama za serikali hakuwa na haraka. Wiki tatu za bahari zilikuwa sehemu ya likizo yenyewe. Na mzigo ulikuwepo, mwingi, maana ndege haikubebi marobota ya katani. Nguzo hizo mbili ndizo zilizoishika meli. Ya kwanza ilianza kuondolewa Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, ikafuata Uganda yenyewe Oktoba 1962, kisha Zanzibar na Kenya Desemba 1963, na Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964. Maofisa waliobaki wakawa wachache, na serikali mpya hazikuona sababu ya kulipia mtu kitanda cha daraja la kwanza wiki tatu wakati ipo ndege. Nguzo ya pili, mzigo, ilikuwa inaliwa na meli za shehena tupu, na nyuma yake lilikuwa linakuja kontena, ambalo lingeua tishali, wavu wa kamba na kibarua cha babu kwa pamoja.

Kwenye masimulizi ya Kiingereza utasoma kwamba ndege iliziua meli za abiria. Si uongo, ila kwa pwani yetu naona ni nusu ya habari. Uhuru nao uliziua, na hakuna haja ya kulionea haya jambo hilo. Meli hizi zilikuwa zimepangwa kwa kipimo cha dola moja: abiria wake walikuwa watumishi wake, ratiba yake ilikuwa ratiba ya likizo zake, shehena yake ilikuwa shehena ya mashamba yake. Dola ilipoondoka, ratiba ilibaki haina mwenyewe.

Mwaka 1967 Uganda iliondolewa kwenye njia ya Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita vya Waarabu na Israel, na haukufunguliwa mpaka 1975, kwa hiyo hata kama ingebaki ingelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mwenzake Kenya ilisukuma miaka miwili zaidi, ikauzwa kwa wakata vyuma wa La Spezia, Italia, mwaka 1969. Hapo njia ya abiria ya British India kati ya London na pwani yetu ikafika mwisho, karibu karne moja tangu barua za 1872.

Uganda ilinusurika kwa sababu kampuni ilikuwa na wazo. Tangu miaka ya 1930 ilikuwa imejaribu kuwapeleka wanafunzi wa shule matembezi ya bahari, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikalifufua wazo hilo kwa kutumia meli zilizokuwa za askari, Dunera na Devonia, halafu Nevasa. Sasa zamu ilikuwa ya Uganda. Ilipelekwa kiwanda cha Howaldtswerke, Hamburg, ikarudi 1968 ikiwa meli nyingine.

Hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu, kwa sababu ukitaka kujua tofauti ya meli ya njia na meli ya matembezi, usitazame matangazo. Tazama walichofanya mafundi wa Hamburg. Vyumba vya abiria wa zamani waliviacha karibu kama vilivyokuwa. Wasafiri wazima wapatao 300 wangeendelea kukaa humo, pembe za ndovu zikiwa palepale. Kilichobadilishwa ni tumbo. Vyumba vya shehena viligeuzwa mabweni ya wanafunzi 920. Palipokaa pamba na katani sasa palipangwa vitanda vya chuma vya juu na chini. Yakaongezwa madarasa na ukumbi. Winchi hazikuwa na kazi tena. Tani zikapanda kutoka 14,430 hadi 16,907, na meli haikurefushwa hata mita moja. Unakumbuka nilichosema kuhusu tani? Ni nafasi iliyofungwa. Walijenga juu ya sitaha palipokuwa wazi, wakafunga, na namba ikaongezeka.

Meli ya njia inajengwa kwa sababu mahali fulani kuna watu na vitu vinavyopaswa kufika mahali pengine. Ikifika, kazi yake imekwisha mpaka safari ijayo. Meli ya matembezi haina wa kumfikishia kitu. Inatoka Southampton na inarudi Southampton, au inatoka bandari moja ya Mediterania na kurudi nyingine, na bandari za katikati ni za kutazamwa. Ndiyo maana haihitaji tumbo. Nasema hivi bila kejeli. Watoto waliolala kwenye mabweni yale, wengi wao kutoka shule za kawaida ambazo wazazi wasingeweza kuwanunulia safari nyingine ya nje, wanaikumbuka Uganda kwa mapenzi makubwa hadi leo wakiwa wazee. Waliona Ugiriki, Misri, Norway. Lakini ukisoma kumbukumbu zao, pwani ya Afrika Mashariki ni aya moja ya utangulizi: meli "ilijengwa kwa ajili ya huko". Kisha wanaendelea na habari za mabweni, bila kusema mabweni yale yalikuwa nini kabla.

Haikuwa Uganda peke yake iliyobadilishwa hivyo. Kenya Castle ya kampuni ya Union-Castle, iliyojengwa Belfast na kuanza kazi 1952, ilikuwa ikizunguka Afrika nzima na kutia nanga bandari zetu. Mwaka 1967 ilinunuliwa na Wagiriki wa Chandris, ikaitwa Amerikanis, ikafanya matembezi ya Karibi na kwingineko kwa karibu miaka 30, ikakatwa Alang, India, mwaka 2001. Watalii wa Kimarekani waliocheza dansi ndani yake sidhani kama walifikiria kwamba jina lake la kwanza lilikuwa la nchi ambayo wakati ule ilikuwa koloni.

Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, Nevasa ilishindwa, ikauzwa kukatwa 1975. Uganda ikabaki meli pekee ya kampuni kwenye kazi ya wanafunzi. Ingezeeka hivyo kwa amani kama si vita.

Aprili 1982 Argentina iliingia visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, na Uingereza ikakusanya meli za kiraia kwa nguvu ya sheria. Uganda ilikuwa Mediterania na wanafunzi. Wakateremshwa Napoli wakarudishwa kwao, na meli ikapelekwa Gibraltar ambako kwa siku kama tatu mafundi waliigeuza hospitali. Ikapakwa rangi nyeupe yote na misalaba mikubwa myekundu, ikajengewa kiwanja cha helikopta nyuma. Mabweni yakawa wodi. Mara ya tatu sasa, tumbo lilelile: marobota, watoto, majeruhi. Chini ya Mkataba wa Geneva haikuruhusiwa silaha wala mawasiliano ya siri, na kaskazini ya visiwa vile likatengwa eneo la bahari la meli za hospitali, lisiloguswa na upande wowote. Ilitibu zaidi ya watu 700, na kati yao zaidi ya 100 walikuwa askari wa Argentina.

Agosti 1982 ikarudi Southampton ikapokelewa kwa shangwe. Ikajaribu matembezi tena kwa muda mfupi, kisha serikali ikaikodi kubeba askari na wafanyakazi kati ya kisiwa cha Ascension na Falkland, kwa sababu visiwani hakukuwa bado na uwanja wa kutosha kwa ndege kubwa. Mwaka 1985 uwanja mpya ukafunguliwa Mount Pleasant, na mkataba ukaisha. Mara ya pili katika maisha yake, ndege iliichukulia kazi.

Iliegeshwa mto Fal, kusini magharibi mwa Uingereza. Wapo waliochangisha fedha kutaka kuiokoa, hawakufika mbali. Mwaka 1986 iliuzwa kukatwa chuma, ikabandikwa jina la Triton kwa safari moja tu, ikaenda kwa nguvu zake yenyewe hadi Kaohsiung, Taiwan. Ilifika Julai. Mwezi uliofuata, kabla hawajaanza kuikata, kimbunga kilichoitwa Wayne kiliipiga, kikaikokota hadi pwani na kuilaza ubavu.

Nilipokuwa Msuka nilikuwa na picha yake ya mwisho kwenye simu. Nilimwonyesha babu kwanza ile ya zamani, dohani nyeusi na mikanda miwili myeupe, akaitambua mara moja na kunitajia mwenzake Kenya, ambayo alisema dohani yake ilikuwa fupi kidogo. Kisha nikamwonyesha ya Kaohsiung. Aliisogeza simu karibu na macho, akaizungusha, akadhani nimeishika vibaya. Nikamwambia hapana, ndivyo ilivyolala.

"Ilikuwa na mzigo?" akauliza.

Nikamwambia haikuwa na kitu. Ilikuwa imeuzwa kwa wakata vyuma.

"Aa," akasema, akanirudishia simu. "Basi ndiyo maana. Meli tupu inakaa juu ya maji, upepo unaikamata yote."